Boti ya ribiti inayovuja: kaza kwanza, epoksi baadaye

Boti ya alumini iliyoungwa kwa ribiti, yaani vijiti vya metali vinavyopitishwa kwenye mabamba na kupondwa ncha, haivuji kwa kukosa gundi. Inavuja kwa sababu kuna kitu kimelegea, na mabamba mawili yaliyokuwa yamebanana sasa yanacheza. Anayekimbilia epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili, kabla ya kutafuta kilicholegea atapata boti kavu kwa msimu mmoja, pengine nusu, kisha maji yatarudi palepale. Safari hiyo kazi itakuwa nzito zaidi, maana itabidi kwanza akwangue epoksi ya zamani.

Nazungumzia hasa zile boti za futi 12 hadi 16 zilizojaa kwenye maziwa ya Minnesota, Wisconsin na Michigan, Marekani, na Ontario, Kanada. Wengi wetu tunaoishi huku tunazinunua mkononi mwa watu zikiwa zimeshazeeka, kwa bei nafuu, na karibu zote zina kiungio kinachotoa machozi. Ufundi wake ulitoka kwenye ndege: kampuni ya Grumman, iliyokuwa ikiunda ndege za kivita za jeshi la majini la Marekani, iligeukia mitumbwi ya alumini Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, na mabamba membamba ya ribiti yakazoeleka majini. Bamba la chini la boti hizi mara nyingi halifiki hata milimita 2.

Wembamba huo ndio unaoamua namna ya kuziba. Meli ya chuma ya ribiti kama Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande na kuungwa upya Kigoma hadi ikashushwa majini 1915, ina mabamba manene. Mishono ya meli za aina hiyo inakalafatiwa kwa nyundo na patasi butu: ukingo wa bamba la juu unapondwa mpaka unakaba bamba la chini. Alumini ya milimita 1.6 haina nyama ya kupondwa hivyo. Ukiijaribu itapinda au itapasuka. Kwa hiyo viwanda viliweka mkanda wa mpira au gundi laini kati ya mabamba kabla ya kupiga ribiti. Mkanda ule ukishakauka na kukatikakatika, kinachozuia maji ni mkazo wa ribiti peke yake.

Mkazo nao unapungua kwa sababu zinazojulikana. Boti inapigwa na mawimbi, na kila pigo linayasukuma mabamba pande tofauti kwa kiasi kidogo sana, mpaka tundu la ribiti linakuwa la yai. Injini nzito kuliko kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha boti inatikisa ukuta wa nyuma. Trela inayoilaza boti juu ya vigurudumu inabeba uzito wote kwenye sehemu chache badala ya kuutandaza kwenye mbao ndefu. Halafu kuna baridi ya huku: maji yaliyobaki kwenye mshono yakiganda yanaongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na barafu hiyo inafungua kiungio taratibu kila mwaka, boti ikiwa imelala uani.

Kutafuta panapovuja

Usianze kwa kuisukuma boti majini na kuinama ndani na tochi. Maji yakiingia yanatiririka chini ya taruma (mbavu za boti) na kando ya mkuku (uti wa chini), unayaona mahali ambapo siyo yanakoingilia. Fanya kinyume: boti ikiwa kwenye trela, jaza maji ndani, utazame chini.

Weka kina cha sentimita 10 tu, na uyaweke kwa hatua. Boti ya futi 14 ikijazwa kina hicho inaweza kubeba zaidi ya lita 400, yaani zaidi ya kilo 400, na uzito huo unakaa kwenye bamba ambalo halikuundwa kubebeshwa maji likiwa hewani. Trela iungwe kwenye gari au iwekewe vigogo mbele na nyuma, la sivyo maji yakikimbilia upande mmoja itainuka. Anza na sentimita 3, zunguka, weka alama, kisha ongeza. Ubavu uko juu zaidi ya hapo. Huko tumia bomba la maji na mwenzako akiwa upande wa pili.

Alama uziweke kwa kalamu ya wino mnene au chaki. Penseli ya kawaida iache. Ncha yake ni grafiti, na grafiti ikigusana na alumini penye unyevu inaanzisha ulaji wa metali. Mafundi wa ndege wanakatazwa kuitumia kwa sababu hiyohiyo.

Kabla ya kulaumu mishono, kagua kizibo cha kutolea maji na kile kishikizo chake kilichopigwa ribiti kwenye ukuta wa nyuma. Pia kagua matundu ya skrubu za vifaa vilivyoongezwa baadaye, kama kipima kina. Boti nyingi zinazosemwa zinavuja kwenye ribiti zinavuja hapo, na dawa yake ni kufungua kifaa, kukipaka gundi ya poliyurethane ya majini na kukirudisha.

Maji yakitoka kwenye ufa, siyo kwenye ribiti wala mshono, kazi imebadilika. Ufa unatobolewa tundu la milimita 3 kila mwisho ili usiendelee kukimbia, kisha unawekewa kiraka cha alumini chenye ribiti, au unapelekwa kwa mchomeleaji anayejua alumini. Epoksi peke yake juu ya ufa ni kupoteza pesa.

Kukaza ribiti

Ribiti iliyolegea inajionyesha. Ina pete nyeusi au ya kijivu kuizunguka, vumbi la alumini linalosagika inapocheza. Weka kidole kwenye kichwa cha ndani, mwenzako agonge kichwa cha nje kwa nyundo ndogo: iliyokaza inatulia, iliyolegea unaisikia kidoleni.

Kukaza kunataka watu wawili. Mmoja anashika fuawe ya mkononi, kipande cha chuma chenye uso laini cha kilo 2 au zaidi, akikibana kwa nguvu kwenye kichwa cha nje. Mwingine yuko ndani, anapiga kichwa kilichopondwa kwa nyundo ya kichwa cha mviringo. Mapigo mawili matatu yenye uzito yanatosha. Mapigo mengi madogo yanaifanya ribiti iwe ngumu bila kuijaza tundu, na ukizidisha, kichwa kinapasuka pembeni au bamba linatanuka na kufanya kibonyeo, na ribiti za jirani nazo zinaanza kulegea. Ukikaza moja, jaribu tena mbili za kila upande wake.

Iliyokataa kukaza itolewe. Toboa kichwa chake kwa keekee, katikati kabisa, bila kugusa bamba, kisha sukuma kilichobaki. Tundu likiwa bado duara, weka saizi ileile. Likiwa la yai, panda saizi moja. Saizi ya kawaida ni inchi 3/16, yaani milimita 4.8 hivi. Urefu wa ribiti unapatikana kwa kujumlisha unene wa mabamba yote pamoja na mara moja na nusu ya kipenyo cha ribiti. Mabamba mawili ya milimita 1.6 yanafanya 3.2, ongeza 7.2, unapata milimita 10.4. Ikipigwa sawasawa, kichwa cha ndani kinakuwa na upana wa mara moja na nusu ya kipenyo na kimo cha nusu ya kipenyo. Ribiti ndefu mno inapinda ndani ya tundu, na fupi mno inakuwa na kichwa kisichoshika.

Mahali ambapo mkono haufiki nyuma, tumia ribiti za kuvutwa kwa bunduki ya ribiti kutoka upande mmoja, lakini za alumini zilizofungwa mwisho, zikichovywa kwenye gundi ya poliyurethane kabla ya kuingizwa. Zile za dukani za kawaida zina tundu katikati na kijiti cha chuma ndani: tundu linapitisha maji na kijiti kinashika kutu. Usitumie ribiti za shaba kwenye alumini hata siku moja. Panapokuwa na maji, hasa ya chumvi, metali hizo mbili zikigusana alumini ndiyo inayoliwa. Kwa sababu hiyo hiyo ubao uliowekwa dawa yenye shaba haufai kubadilishia ukuta wa nyuma, na rangi ya shaba ya kuzuia viumbe wa majini haifai kupakwa kwenye boti ya alumini.

Mtu akinishurutisha nigawe kazi hii, nitampa ribiti zaidi ya nusu ya muda wote. Rudia jaribio la maji baada ya kukaza. Mara nyingi robo tatu ya alama zimekauka, na unajua epoksi inahitajika wapi hasa.

Usafi na ukavu

Epoksi inashika metali, haishiki mafuta, silikoni wala matope. Kama aliyetangulia alipaka silikoni, una kazi ya ziada: ikwangue kwa kibanzi cha plastiki au cha mti, kisha msasa, kisha futa kwa kiyeyushio, maana utando usioonekana unabaki na gundi yoyote inayokuja baadaye inateleza juu yake. Natamani maduka yangeacha kabisa kuwauzia watu silikoni kwa ajili ya boti hizi.

Fuata mpangilio: kwanza ondoa mafuta kwa asetoni, ndipo usugue. Ukisugua kwanza unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Tumia vitambaa viwili, kimoja cha kulowesha na cha pili kikavu cha kufuta kabla asetoni haijakauka yenyewe, vinginevyo uchafu unarudi ulipokuwa. Angalia povu chini ya viti: aina ya polistairini inayeyuka ikiguswa na asetoni, na povu hilo ndilo linaloishikilia boti isizame ikijaa maji. Sheria ya Marekani inawataka waundaji wa boti ndogo za injini zenye urefu chini ya futi 20 waweke vifaa vya kuelea, kwa hiyo usilitupe kwa sababu linakuzuia kufika kwenye mshono. Litoe, na kama limelowa na kuwa zito, badilisha.

Kisha brashi ya waya wa chuma cha pua, siyo ya chuma cha kawaida, kwa sababu hiyo inaacha chembe zinazoshika kutu ndani ya alumini. Endesha brashi kando ya mshono na kuzunguka kila kichwa cha ribiti, halafu msasa namba 80 kwa upana wa sentimita 2 hadi 3 kila upande. Alumini inapaswa kung'aa.

Mng'ao huo unadanganya. Alumini ikisuguliwa, utando wa oksidi unaanza kujijenga mara hiyohiyo hewa inapoigusa. Kwa hiyo usisugue boti nzima Jumamosi na kupaka Jumapili. Sugua kipande cha mita moja au mbili, ukipake ndani ya nusu saa, usogee. Kuna njia bora zaidi kwa ribiti sugu: paka epoksi nyembamba kwanza, kisha endesha brashi ya waya ndani ya epoksi ikiwa bado mbichi. Metali mpya inazaliwa chini ya gundi na hewa haipati nafasi.

Ukavu ndio mtihani mkubwa kuliko yote. Mshono uliojazwa maji kwa majaribio unashikilia unyevu kwa siku kadhaa hata kama juu umekauka. Inamisha boti, pulizia hewa ya kompresa kwenye kiungio, iache juani kizibo kikiwa wazi, na siku ya kupaka pitisha mashine ya hewa moto polepole kando ya mshono. Ukiona mvuke au kijitone kikijitokeza, bado. Moto wa gesi unafanya kazi hiyo haraka, ila karibu na povu, mbao na rangi ni hatari, na metali nyembamba ikipata joto kali inapoteza ugumu iliopewa kiwandani. Mimi naona hewa moto inatosha.

Epoksi gani, na kiasi gani

Epoksi ya kawaida ya kutengenezea fiberglasi ni ngumu na haipendi kunyumbuka: inatanuka asilimia chache tu, kisha inapasuka. Boti ya ribiti inanyumbuka kila siku, na tena epoksi inapanuka kwa joto zaidi ya mara mbili ya alumini. Kati ya majira ya baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri na jua la Julai kuna tofauti ya nyuzi 50 au zaidi, na tabaka nene la epoksi ngumu linang'oka lenyewe bila hata kuguswa na maji. Tafuta epoksi iliyotengenezwa iwe na unyumbufu. G/flex 650 ya West System ndiyo wengi wanayoijua: inatanuka zaidi ya asilimia 30 kabla ya kukatika, na sehemu zake mbili zinachanganywa kwa ujazo sawa, jambo linalopunguza makosa ya kipimo. Gluvit nayo ni epoksi ya majini inayotumiwa sana kwa kazi hii. Unga wa kuzibia bodi za magari usiukaribie.

Hesabu ya kiasi ni rahisi. Mishono mitatu ya boti ya futi 14, mkuku na pembe mbili za ubavu, inafika mita 13 hivi. Ukanda wa upana wa milimita 25 na unene wa nusu milimita unahitaji takriban mililita 160. Weka mililita 60 kwa ajili ya vichwa vya ribiti kama 200. Vichupa viwili vya aunsi 4, jumla mililita 237, vinakutosha kwa shida kwa mkono mmoja wa kupaka. Nunua seti mbili.

Changanya kidogo kidogo, mililita 30 hadi 50 kwa mara moja, dakika mbili kamili, ukikwangua pembe na chini ya kikombe. Epoksi isiyochanganyika vizuri inabaki ikinata milele na dawa yake ni kuifuta yote. Ikikaa kikombeni kwa wingi inajichemsha yenyewe, inatoa moshi na kuganda. Imwage kwenye sahani bapa na utapata muda mrefu zaidi. Vaa glavu za nitrili tangu mwanzo. Ngozi ikishaanza kuikataa epoksi, inaikataa maisha yote, na kuosha mikono kwa asetoni ndiko kunakoisukuma ndani ya ngozi. Vifaa visafishwe kwa siki kabla epoksi haijashika.

Kupaka

Pasha mshono joto mpaka kiganja kinauvumilia kwa sekunde chache tu, kisha ondoa joto na upake metali ikiwa inapoa. Sababu yake ni hewa iliyo ndani ya kiungio. Inapopata joto inapanuka na kutoka. Ukipaka wakati inapanuka, inapasua mapovu katikati ya epoksi yako na kila povu ni njia ya maji. Metali ikipoa, hewa inasinyaa na kuifyonza epoksi kuingia kati ya mabamba, na joto lililobaki linaifanya iwe nyepesi kama maji ya kutosha kufika mbali. Tabaka hili la kwanza liwe bila unga wowote, kwa brashi fupi iliyokatwa nywele, ukilisukuma kwenye mshono. Rudi baada ya dakika kumi: palipofyonzwa ongeza tena mpaka pakatae. Inamisha boti ili mshono unaoupaka uwe chini, epoksi itiririke kuelekea kwenye kiungio badala ya kukimbia.

Tabaka la pili lipakwe la kwanza likiwa bado linanata kidole bila kuchafua. Hili changanya na unga wa silika mpaka liwe zito kama ugali wa mtoto, ulilainishe kwa kidole chenye glavu liwe mteremko mdogo juu ya mshono na kofia nyembamba juu ya ribiti. Unene usizidi milimita moja. Ukichelewa na la kwanza likakauka kabisa, lioshe kwa maji na sponji ngumu ili kutoa utando wa nta unaoweza kutokea juu, kisha sugua kidogo ndipo uendelee.

Kuna ubishi wa kila mwaka kuhusu ndani au nje. Wanaosema nje wanasema maji yanaisukuma epoksi ishike, na ya ndani yanaing'oa. Tazama nguvu yenyewe: kwenye kina cha sentimita 20 shinikizo la maji ni kama kilopaskali 2 tu, dogo mno kung'oa epoksi iliyoshika metali safi. Kinachong'oa ni mnyumbuko na uchafu. Epoksi ya nje, kwa upande wake, inakwanguliwa na mchanga wa ufukweni na mbao za trela. Mimi huanza ndani siku zote, na nje napaka tu kwenye ribiti zilizobadilishwa na kwenye ncha ya omo, yaani mbele ya boti, pasipofikika.

Iache saa 24 kwenye nyuzi 20 au zaidi kabla ya kuitikisa, na siku chache kabla ya kuipiga mawimbi. Kwenye baridi ya Aprili muda huo unarefuka sana. Jua linaiharibu epoksi, hivyo ipakwe rangi. Praima (rangi ya kwanza) ya asidi ni ya metali tupu tu, usiipitishe juu ya epoksi. Praima ya epoksi inafunika vyote viwili.

Jaza maji tena, sentimita 10 zilezile, uache saa moja. Boti ya ribiti yenye umri ikitoa kikombe cha maji kwa siku nzima ya uvuvi, iko sawa. Usiifukuze tone la mwisho kwa kurundika epoksi. Inapokuja Oktoba, igeuze juu chini, au iegemee omo ikiwa juu na kizibo kimetolewa, majani makavu yaondolewe ndani. Majani yenye unyevu yakikaa msimu mzima juu ya bamba yanachimba vishimo kwenye alumini, na hivyo ndivyo utakavyovikuta chini ya viti utakapofungua povu mwaka mwingine.